Miaka sita ya kukusanya peke yangu, na kilichonikuta nilipoingia klabu

Niseme mapema kwamba mi si mtaalamu wa vitu vya kale. Mi ni mtu niliyeanza na kopo. Mjomba wangu alikua baharia, kila akirudi anamwaga mfukoni visarafu vya kila nchi aliyotia nanga na kuvitupia kwenye kopo moja la bati, na alipofariki watu waligombania redio na saa ya mkononi, kopo hakuna aliyeliuliza, nikaondoka nalo mimi. Nilikua na miaka ishirini na kitu. Usiku huo nilizimwaga zote juu ya kitanda nikazipanga kwa ukubwa, alafu kwa rangi, alafu kwa nchi, kuja kushtuka kumekucha. Ndo ulikua mwanzo wa ugonjwa.

Kwa miaka sita baada ya hapo nilikusanya peke yangu. Nanunua kwa wauza vitu vya zamani, nanunua onlaini usiku wa manane mnada ukiwa unakaribia kufunga, macho mekundu, kidole kiko juu ya kitufe. Sarafu kwanza, baadae stempu, baadae hata kikombe na sahani nilimradi mtu kaniambia ni vya zamani. Nilishasikia kwamba kuna klabu za wakusanyaji lakini sikutaka hata kuzisogelea, na sababu zangu zilikua mbili: niliamini ni sehemu ya wazee wenye hela wanaooneshana, na niliogopa kwamba nikionesha nilichonacho watanizunguka waninunulie rahisi au waniibie kabisa. Ya kwanza ilikua uongo mtupu. Ya pili ilikua na chembe ya ukweli, nitaifikia.

Kichwani mwangu nilikua na sheria mbili tu. Kitu kikiwa cha zamani kina thamani, kiking'aa kina thamani zaidi. Kwa hizo sheria mbili nimepigwa hela ambazo hata leo sipendi kuzijumlisha.

Sasa ile sarafu. Ilikua kubwa, nzito, ya fedha, upande mmoja mwanamke mnene amejitanda shela na ana bruchi (pini ya pambo) begani, upande wa pili tai mwenye vichwa viwili, na mwishoni mwa maandishi mwaka 1780. Elfu moja mia saba na themanini! Muuzaji akaniambia imekaa kwenye familia yao vizazi na vizazi, na mimi nikaona mikono inatetemeka. Nililipa karibu mshahara wa miezi miwili, sikupunguziwa hata kidogo maana sikuthubutu kuomba, niliogopa asije akabadilisha mawazo. Kufika nyumbani nikaona ina weusi weusi kwenye mikunjo ya shela nikasema hapana, kitu cha thamani hakikai hivi, nikachukua dawa ya meno na mswaki wa zamani nikaisugua hadi ikawa kama kijiko kipya. Nikaipiga picha. Nikajiona nimeokoa historia.

Mfanyakazi mwenzangu mmoja ndo alieniambia kuna klabu inakutana mara moja kwa mwezi kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, na siku fulani wanaruhusu mtu yeyote alete kitu kikaangaliwe bure. Nilikwenda kwa kujidai, siwezi kuficha. Nilikwenda nikitarajia chumba kizima kisimame.

Kulikua na watu kama kumi na tano, meza ndefu, taa za mezani, mzee mmoja mwenye kioo cha kukuzia amekining'iniza shingoni. Nikamwamkia shikamoo nikaifungua ile sarafu kwenye kitambaa laini. Akaishika kwa ukingo, vidole viwili, hakugusa uso wake kabisa, akaigeuza chini ya taa mara moja tu.

"Mwanangu, hii umeipiga mswaki?"

"Ndiyo mzee, ilikua chafu sana."

"Haikua chafu. Ilikua imezeeka."

Alafu akanieleza taratibu bila kunicheka, na hilo ndo liliniuma zaidi, bora angecheka. Yule mwanamke ni Maria Theresa, mtawala wa Austria, na 1780 ndo mwaka aliofariki, tarehe 29 Novemba. Ila hii sarafu yake ilishakua inapendwa sana na wafanyabiashara wa Uarabuni, Bahari ya Sham na Uhabeshi, walikua wanaijua sura yake, uzito wake, hadi nukta za kwenye bruchi, na hawakutaka nyingine. Basi baada ya kifo chake wakaendelea kuipiga chapa vilevile na mwaka uleule. Imepigwa Vienna, imepigwa Rome, London, Paris, Brussels, Birmingham, Bombay, na Vienna wanaipiga mpaka leo, zote zimeandikwa 1780. Wanaojua huhesabu lulu za kwenye bruchi na kuangalia manyoya ya mkia wa tai ndo wanapata kujua ni ya wapi na ya kipindi gani.

Nikamuuliza, kwa hiyo ni feki? Akasema hapana, ni halali kabisa, gramu 28 na kidogo, fedha sehemu 833 kwa elfu kama inavyotakiwa. Ila si ya miaka mia mbili, ni ya juzi tu. "Umenunua madini ya fedha, na kiasi kilichozidi hapo umenunulia hadithi." Na hata ingekua ya zamani kweli, akaongeza, mswaki ungekua umeshaimaliza, kwa sababu ule weusi ni ngozi ya sarafu, ukishaitoa imetoka, na mistari niliyoiacha inaonekana kama mikwaruzo ya paka ukiiweka chini ya kioo. Akanipa kile kioo nikaangalia mwenyewe. Kweli, paka.

Nilirudi nyumbani nimenywea. Nataka niwe mkweli kuhusu siku zilizofuata maana naona watu wakisimulia mambo haya wanaruka hapa. Nilikaa nikaandika tangazo la kuiuza. Picha nzuri, "sarafu adimu ya 1780, imetoka kwenye familia", maneno yaleyale niliyoambiwa mimi. Tangazo lilikaa kwenye simu siku tatu bila kulirusha. Sikulifuta kwa sababu mi ni mtu mwema sana, nililifuta kwa sababu nilimwona kichwani yule atakaeinunua akiwa na dawa ya meno mkononi. Klabuni sikurudi miezi miwili mizima.

Kilichonirudisha ni albamu. Sarafu zangu zote nzuri nilikua nimeziweka kwenye albamu ya plastiki laini, ile inayonata nata na kunukia kama pazia jipya la bafuni, na siku moja nafungua nakuta kitu cha kijani, chenye utelezi, kimezitambaa sarafu za shaba na hata baadhi ya za fedha. Nilitaka kulia. Nikawa najiuliza nifanye nini, mkono unaenda kwenye dawa ya meno kwa mazoea. Nikaushika mkono. Nikamtumia yule mzee ujumbe, akanijibu kwa neno moja: "Usiguse." Kisha baadae: "Njoo nazo Jumamosi."

Ile plastiki inaitwa PVC. Ikikaa sana, hasa kwenye joto na unyevu, inatoa vilainishi vyake pamoja na tindikali inayokula chuma, shaba ndo inaumia mapema. Jumamosi ile tulikaa watatu na bakuli la kioo na asetoni safi, ile isiyochanganywa na manukato wala mafuta, kwa maana nyingine sio ile ya kutolea rangi ya kucha, dirisha wazi na hakuna moto wala sigara karibu kwa sababu inawaka kama petroli. Unailoweka sarafu, unaigeuza, hausugui, unabadilisha asetoni, unaiacha ikauke yenyewe. Asetoni inaondoa uchafu wa plastiki bila kugusa chuma chenyewe. Zilizokua zimeshaliwa zilibaki na makovu, lakini nyingi zilipona. Jioni hiyo nilijaza fomu ya uanachama. Ada ya mwaka mzima ilikua ndogo kuliko hela niliyotoa kununulia zile albamu za kuulia sarafu, na hapo ndo nilianza kupiga hesabu upya ya miaka yangu sita.

(Kama una albamu za namna hiyo nyumbani usisubiri kumaliza kusoma. Hamisha. Tafuta zilizoandikwa hazina PVC, au mifuko ya Mylar (plastiki ya poliesta), au vikasha vidogo vya plastiki ngumu vya kuwekea sarafu moja moja.)

Sasa watu wakiniuliza klabu inakupa nini huwa wanategemea niseme marafiki, ujuzi, na kadhalika. Sawa, vipo. Lakini kama ningetakiwa kutaja kitu kimoja ningesema inakupa watu wa kukuambia USINUNUE kabla hela haijatoka. Peke yako hakuna wa kukuambia hivyo. Muuzaji hawezi, na wewe mwenyewe ndo kabisa, maana moyo umeshapenda na unatafuta tu sababu.

Mfano, kuna kikombe. Baada ya kama mwaka hivi kwenye klabu nilikutana na kikombe cha kauri chenye maua ya dhahabu, muuzaji anasema ni cha miaka ya 1850, bei yake inaendana na huo umri. Mi kauri sijui kitu. Nikapiga picha chini yake nikamtumia dada mmoja wa klabuni ambae hashughuliki na sarafu kabisa, yeye ni vyombo tu. Hata dakika tano hazikupita: "Kaka, soma chini kimeandikwa nini." Kimeandikwa Made in Japan. Akanieleza kwamba Marekani ilipitisha sheria ya ushuru mwaka 1890, ikaanza kutumika 1891, kwamba bidhaa za kutoka nje lazima ziandikwe kwa Kiingereza nchi zilikotoka, ndo maana viwanda vya dunia nzima vilianza kuandika majina ya nchi zao chini ya vyombo. Vya Kijapani viliandikwa Nippon hadi kwenye 1921 ndo Wamarekani wakataka neno Japan. Kwa hiyo kikombe changu cha 1850 kimeandikwa maneno ya baada ya 1921. Kukosa jina la nchi peke yake hakuthibitishi kwamba chombo ni cha kabla ya hapo, akanionya, kwa sababu kilichouzwa nyumbani hakikuhitaji kuandikwa na wengine walitumia vibandiko vya karatasi ambavyo vilishabanduka. Lakini kikiwa nalo, umri wake una mwisho.

Dakika tano, bure. Peke yangu ningekinunua, ningekua nakiangalia hadi leo kabatini najisifia.

Na hii ya kupata macho ya watu wa fani tofauti sikuitegemea kabisa. Mi nilidhani nitajifunza sarafu kwa watu wa sarafu. Kumbe mtu wa stempu ndo alienifundisha kuangalia karatasi chini ya taa ya pembeni ili kuona kama imekunjwa na kunyooshwa, na hiyo mbinu naitumia kwenye noti. Mtu wa samani ndo alienifundisha kunusa. Ndio, kunusa, anafungua droo anaingiza pua, mbao za zamani zilizokaa hazinuki sawa na mbao zilizopakwa rangi ya chai wiki iliyopita.

Maktaba ya klabu nayo. Katalogi, vile vitabu vya kuorodhesha sarafu na stempu, ni ghali jamani, na moja haitoshi, na zinatoka upya kila mara, ukinunua zote hela ya kununulia vitu haibaki. Klabu ilikua na kabati zima. Nilikua naazima mbili kwa mwezi nasoma kama riwaya, na huko ndo sheria yangu ya kwanza ilipokufa rasmi. Penny Black ya Uingereza, stempu ya kwanza ya kubandika duniani, ilitoka Mei 1840, ukisikia hivyo si unadhani haishikiki? Zilichapwa karibu milioni 68. Zipo nyingi tu, na iliyochoka mtu wa kawaida anaweza kujibana akainunua. Alafu kuna stempu ya Marekani ya 1918 ambayo ndege imechapwa kichwa chini miguu juu, ilitoroka karatasi moja tu yenye stempu 100 ikauzwa posta kwa bahati mbaya, ni changa kwa miaka 78 kuliko ile nyingine lakini ndo watu wanaigombania kufa na kupona. Na ile ya senti moja ya British Guiana ya mwaka 1856, inajulikana moja tu duniani, imekatwa kona, imefifia, kwa macho yangu mimi ni mbaya kabisa. Umri peke yake hausemi kitu. Ni ngapi zilibaki, ziko kwenye hali gani, na wangapi wanazitaka.

Kitu kingine nilichokipata ni vipimo. Sio lazima uwe na maabara. Walinifundisha kupima sarafu ya fedha kwa maji: unaipima kavu kwenye mzani mdogo wa gramu, alafu unaweka glasi ya maji juu ya mzani, unaurudisha kwenye sifuri, unaining'iniza sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayotokea ndo uzito wa maji iliyoyasukuma. Gawanya uzito wa kavu kwa hiyo namba. Fedha tupu inakuja 10.49. Maria Theresa wangu, kwa kua ana shaba ndani, anatakiwa kuja kwenye 10.2 hivi, yani kwa gramu zake 28.07 maji yasome kama 2.75. Ikisoma 3.1 au 3.3 ujue umeshikishwa shaba nyeupe (shaba iliyochanganywa na nikeli) au kitu cha jamii hiyo. Sumaku nayo ni ya kuanzia tu, fedha haivutwi lakini shaba pia haivutwi, kwa hiyo ikivutwa umejua ni feki na isipovutwa hujajua chochote. Nimeshawahi kurudisha sarafu nne kwa sababu ya glasi ya maji.

Sasa ubaya, maana upo.

Kwanza klabu itakufanya utumie hela zaidi, angalau mwanzoni. Unakaa na watu kumi na tano kila mmoja anapenda kitu chake kwa moyo wote, na mapenzi yanaambukiza. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua beji za kijeshi, nilinunua kadi za posta, nilinunua kufuli. Kufuli! Sina hata hamu nazo, ila yule jamaa wa kufuli alikua anazieleza vizuri mno. Ilinibidi nijiwekee sharti kwamba kitu nje ya fani yangu sinunui siku niliyokiona, nasubiri mkutano unaofuata. Karibu vyote hamu iliisha njiani.

Pili, ugomvi. Watu wazima wanaweza kununiana mwaka mzima kwa pointi moja. Kwenye sarafu kuna kipimo cha hali kinachoanzia 1 hadi 70, kilibuniwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti zao kubwa za shaba, baadae kikatumika kwa sarafu zote, na mi nimewahi kushuhudia wanachama wawili wanaacha kusalimiana kwa kubishana kama sarafu ni 63 au 64. Utacheka, lakini kati ya hizo namba mbili bei inaweza ikaruka sana. Ushauri wangu usiingie kwenye vikundi, kaa katikati, salimia wote.

Tatu, ile chembe ya ukweli niliyosema. Ndani ya klabu mna papa pia. Kuna mwanachama mmoja, tena mwenye heshima zake, aliniuzia gudulia siku ya kubadilishana vitu, akaniambia ni zima. Nilipofika nalo nyumbani nikaliweka kwenye taa ya urujuanimno (UV), ile inayoonesha palipoungwa, niliyokua nimenunua wiki hiyohiyo, shingo yote ikawaka rangi tofauti, ilikua imevunjika ikaungwa na kupakwa. Sikua na risiti. Sikua na chochote, nilimwamini kwa sababu ni mwenzetu. Nilienda kwa viongozi wa klabu, na hapa ndo nilipoona tofauti ya klabu yenye katiba na kijiwe, kwa sababu walikua na kanuni za maadili zilizoandikwa, wakamwita, wakasikiliza pande zote, hela ikarudi kwa awamu tatu. Ingekua kijiwe ningeambiwa ndo biashara. Kwa hiyo kabla hujalipa ada ulizia kama kuna kanuni, na mtu akikuuzia kitu kinyume cha hizo kanuni nani anaamua. Na andikishana. Hata kama ni rafiki, hasa kama ni rafiki, karatasi yenye jina la kitu, hali yake, tarehe na sahihi.

Yale mengine ya usalama nayataja harakaharaka. Usipeleke kila kitu siku moja. Usirushe picha ya kabati lako kwenye grupu ikiwa inaonesha dirisha na mtaa. Usitaje unapotunzia. Hudhuria mara tatu kabla ya kujiunga, angalia wanavyomtendea mtu aliekuja na kitu kisicho na thamani, hapo utawajua vizuri kuliko kwa kusoma kipeperushi chao.

Kuna siku klabu iliniepusha na kitu kibaya kuliko kupoteza hela. Nilipewa ofa ya sanamu ndogo ya pembe ya ndovu, kazi safi kabisa, bei ya kutupa, na nilikua nataka kusafiri nayo kuvuka mpaka. Nikaitaja tu kwenye mazungumzo. Yule dada wa vyombo akaweka kikombe chini. Biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini inaongozwa na mkataba wa CITES ulioanza kutumika 1975, na mwaka 1989 nchi wanachama zilikubaliana kumweka ndovu wa Afrika kwenye orodha ya kwanza, ile ya kukatazwa. Kuwa ya zamani hakukusaidii kama huna karatasi za kuthibitisha, na mpakani anaeulizwa ni wewe uliyeibeba. Vilevile kwa vitu vilivyochimbwa ardhini au kutolewa makaburini na kwenye nyumba za ibada, akaniambia kuna mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya usafirishaji haramu wa mali za utamaduni, na ndo maana wauzaji makini siku hizi wanauliza kitu kilikua wapi kabla ya mwaka huo. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa muuzaji limebadilika. Zamani nilikua nauliza "ni cha mwaka gani?" Siku hizi nauliza "kimetoka kwa nani, na yeye alikipata wapi?" Wengine wanakasirika. Wakikasirika naondoka.

Raha nayo niiseme, isije ikaonekana ni mateso tu. Zile sarafu za kopo la mjomba zilikua na nakala nyingi zinazojirudia, mi nilikua nimezifunga kwenye soksi kama takataka. Siku ya kubadilishana nikazimwaga mezani, kijana mmoja akashika moja akasema ameitafuta miaka miwili, ana mapengo ya miaka kwenye safu yake na hiyo ni mojawapo. Akanipa tatu nilizokua sina. Hakuna hela iliyotembea, wote tumeondoka tunacheka peke yetu njiani. Na siku nyingine walinipa dakika kumi niongee mbele ya wote, nikaogopa, nikachagua kuongelea sarafu ya mswaki. Walicheka hadi machozi, na ndo mara ya kwanza na mimi nikaweza kuicheka. Baada ya mkutano watu watatu walinifuata pembeni kila mmoja na hadithi yake, mmoja alitumia limao, mmoja jivu, na wa tatu, mwenye miaka thelathini kwenye fani, alipitisha medali ya babu yake kwenye mashine ya kung'arishia viatu.

Yule mzee wa kioo shingoni alifariki mwaka jana. Alikua mjane, wanawe wanaishi mbali na hakuna hata mmoja aliewahi kukusanya chochote. Walipofungua makabati walikua wameshapata mtu wa kubeba vyote kwa mkupuo, kwa bei moja, kama vyuma chakavu. Lakini mzee alikua ameacha daftari, kila kitu kina namba, kilinunuliwa lini, kwa nani, shilingi ngapi, na mwishoni ukurasa mmoja umeandikwa majina ya watu wawili wa klabu wa kuulizwa kabla ya kuuza. Wakauliza. Ilituchukua miezi mitano kupanga, kupiga picha, kuandika maelezo, vingine vikaenda mnadani, vingine makumbusho yaliviomba, na wanawe walipoona hesabu ya mwisho yule mkubwa alikaa kimya muda mrefu alafu akasema, kumbe baba alikua anajua anachofanya.

Nilifikiria kopo la mjomba. Hakuna anaejua alipata wapi hata sarafu moja, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Wiki hiyo nilinunua daftari gumu nikaanza kuandika yangu. Nimefika namba 212, naandika jioni mbili kwa wiki, ni kazi ya kuchosha sana na mwandiko wangu ni mbaya. Namba 1 ni kopo lenyewe. Namba 37 inasema hivi: "Maria Theresa, 1780, marudio ya Vienna, ina mikwaruzo ya mswaki pande zote mbili. Thamani: fedha tu, ipimwe kwa uzito. Muulizeni mtu wa klabu kabla ya kuigusa. Isiuzwe kwa mtu yeyote kama sarafu ya kale."

Namba 38 ni kufuli.